Kujitayarisha Kumkanda Mtoto Mchanga Nyumbani

SOMO LA REDIO KWA MADARASA YA WATU WAZIMA

(Haya ni maneno ya somo kama yalivyosemwa redioni. Mwalimu wa darasa achague wanafunzi watatu wayasome kwa sauti: mmoja awe MWALIMU, mmoja awe BIBI, na mmoja awe MAMA. Wengine wafuate kwa macho. Mwisho kuna maneno ya kujifunza na maswali ya kuzungumza.)

MWALIMU: Ndugu wasikilizaji, hamjambo? Karibuni tena darasani. Mlio mbali na redio, sogeeni karibu. Mlio na daftari na kalamu, ziwekeni tayari.

Somo letu la leo ni juu ya kumkanda mtoto mchanga. Wengine husema kumchua, wengine husema kumsinga. Maana yetu leo ni moja: kumpaka mtoto mafuta na kumpitishia mikono mwilini polepole. Jambo hili si geni kwetu. Katika nyumba nyingi za pwani, mwanamke anapojifungua, bibi mwenye uzoefu huja kumwangalia katika zile siku arobaini. Humkanda mama, humkanda na mtoto. Akina mama wa India hufanya hivyo, na wa Nigeria pia.

Lakini leo hatutaanza na mikono. Tutaanza na mambo yafanywayo kabla ya mikono kumgusa mtoto. Kwa nini? Kwa sababu madhara mengi hayatoki katika kukanda kwa upole. Hutoka katika baridi, uchafu, mafuta yasiyofaa, nguvu, na haraka. Mtu akijitayarisha vema, hayo yote huyazuia.

Nina wageni wawili kutoka Tanga. Mmoja ni bibi aliyelea watoto na wajukuu. Wa pili ni mke wa mwanawe. Yeye ana watoto wawili, na huyu mdogo ana majuma sita. Bibi, shikamoo.

BIBI: Marahaba, mwalimu. Hujambo?

MWALIMU: Sijambo, bibi. Na wewe mama, mtoto hajambo?

MAMA: Hajambo, mwalimu. Amelala hapa mapajani.

MWALIMU: Bibi, umekwisha kanda watoto wangapi?

BIBI: Kwetu watoto hawahesabiwi, mwalimu. Tuseme ni wengi.

MWALIMU: Nani alikufundisha?

BIBI: Mama yangu. Alinifundisha kuvuta mkono huu na mguu ule mpaka vikutane. Alinifundisha kukanda kichwa kiwe cha mviringo, na kuminya pua isimame. Nilifanya hivyo miaka mingi. Sasa mengine nimeyaacha.

MWALIMU: Kwa sababu gani?

BIBI: Sababu ni kaka yake mtoto huyu aliyelala hapa. Nitaeleza, lakini tufike kwanza mahali pake.

MWALIMU: Vema, bibi. Basi tuanze. Kuna mambo matano ya kutayarisha: mahali, vitu, mikono, mafuta, na mtoto mwenyewe. Hesabuni kwa vidole vya mkono mmoja.

JAMBO LA KWANZA: MAHALI

MWALIMU: Mtoto mchanga hupoteza joto upesi kuliko mtu mzima. Mwili wake ni mdogo, ngozi yake ni nyembamba, na mafuta ya mwilini mwake ni machache. Ukimvua nguo na kumlaza penye upepo, hupoa upesi. Na mtoto aliyepoa hunyonya vibaya, hulegea, na huweza kuugua. Kwa hiyo tafuteni chumba chenye joto. Nyuzi 25 au zaidi zinafaa. Kama huna kipimajoto, jipime mwenyewe. Ukikaa umevaa nguo nyepesi na hutaki kujifunika, mahali hapo panafaa.

Mama, wewe hufanyia wapi?

MAMA: Chumbani, saa nne za asubuhi, jua likiwa limepanda na chumba kimepata joto. Nafunga dirisha la upande wa upepo. Wakati wa kipupwe nangoja mpaka mchana. Siku ya mvua kubwa naacha kabisa, nampakata tu.

MWALIMU: Huo ni uamuzi mzuri. Kukanda si dawa ambayo lazima itolewe kila siku. Siku ya baridi, kumweka mtoto kifuani pako, ngozi kwa ngozi, kunamfaa zaidi.

Sasa sikilizeni sana ninyi mnaokaa nchi za baridi kama Lushoto au Makete. Watu wengine huingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga mlango na madirisha ili mtoto apate joto. Jambo hili ni la hatari. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Hata mkaa uliokwisha kuwa mwekundu, usiotoa moshi hata kidogo, huitoa. Watu hulala wasiamke. Basi jiko la mkaa libaki nje. Ukitaka joto, tia maji ya moto katika chupa, ifunge kwa nguvu, izungushe kitambaa, kisha pasha nayo nguo za mtoto na mahali pa kumlaza. Ukitaka kumlaza, iondoe chupa kwanza, isije ikamwunguza.

Tena, mlaze mtoto chini, juu ya mkeka, au katikati ya mapaja yako ukiwa umenyoosha miguu. Usimlaze juu ya meza wala ukingoni mwa kitanda. Mtoto aliyepakwa mafuta huteleza kama samaki.

JAMBO LA PILI: VITU

MWALIMU: Kila kitu kiwe karibu, mkono ukifike bila wewe kuinuka. Ukisahau kitu, usimwache mtoto peke yake ukaenda kukichukua. Mfunike, mbebe, mwende pamoja. Mama, tutajie vitu vyako.

MAMA: Kwanza doti moja ya kanga, iliyofuliwa ikakauka juani. Doti ina vipande viwili. Kipande kimoja nakikunja mara nne juu ya mkeka, ndipo namlaza. Cha pili namfunika. Nikikanda mguu, nafunua mguu tu. Nikikanda mkono, nafunua mkono tu. Hakai uchi wote.

BIBI: Hilo nililipenda. Sisi tulikuwa tukiwavua watoto nguo zote.

MAMA: Kisha kuna winda safi, maana akipata joto na mafuta hukojoa. Kuna kitambaa laini cha kufutia. Kuna kibakuli kidogo cha mafuta. Na nguo zake za kuvaa baadaye, pamoja na kofia.

MWALIMU: Basi, vitu hivyo vinatosha. Hakuna kitu cha kununua kwa fedha nyingi. Poda haitakiwi. Vumbi lake huingia puani na mapafuni.

JAMBO LA TATU: MIKONO

MWALIMU: Vua pete, bangili na saa. Kata kucha ziwe fupi. Kisha nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kama huna bomba, tumia kibuyu chirizi, au mtu akumiminie kwa kopo. Sugua viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, na chini ya kucha. Sugua kwa muda wa sekunde 20 hivi. Hesabu polepole moja mpaka ishirini. Halafu kausha mikono, kisha isugue pamoja mpaka ipate joto. Mkono wa baridi humshtua mtoto.

Mtu mwenye jipu au kidonda kidoleni, mwenye upele wa kuambukiza, mwenye kikohozi, au anayeharisha, asimkande mtoto. Mwingine amsaidie.

MAMA: Hata baba?

MWALIMU: Hata baba. Mikono ya baba ikiwa safi na yenye joto, inafaa sawasawa na ya mama. Baba asiyejua kumshika mtoto atajifunza hapo hapo.

JAMBO LA NNE: MAFUTA

MWALIMU: Bibi, hapa uwanja ni wako. Mafuta gani?

BIBI: Mafuta ya nazi tuliyopika wenyewe. Unakuna nazi iliyokomaa, unakamua tui zito, unalichuja. Unalipika kwa moto mdogo, unakoroga, mpaka maji yakauke na mafuta yaelee. Unayachuja tena kwa kitambaa safi na kuyatia katika chupa kavu. Chupa iwe kavu hasa. Ikiwa na maji, mafuta yanaharibika upesi.

MWALIMU: Wakati wa kipupwe huganda?

BIBI: Huganda yakawa meupe. Hayakuharibika, ni baridi tu. Naisimamisha chupa katika bakuli la maji ya moto, yanayeyuka. Siyaweki juu ya moto.

MWALIMU: Ni kweli. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Ukikwisha kuyayeyusha, dondosha tone moja ndani ya kifundo cha mkono wako, pale penye ngozi laini. Usione moto wala baridi. Ukiona moto, ngoja.

Asiye na nazi anaweza kutumia mafuta ya alizeti yaliyo safi. Mwaka 2005 madaktari walieleza matokeo ya uchunguzi katika hospitali moja ya watoto mjini Dhaka, nchi ya Bangladesh. Watoto njiti waliopakwa mafuta ya alizeti kwa upole walipata maambukizo machache kuliko wale wasiopakwa. Lakini fahamuni kuwa walikuwa hospitalini, chini ya macho ya wauguzi. Mwenye mtoto njiti, au aliyezaliwa chini ya kilo mbili na nusu, amwulize muuguzi kabla ya kumkanda. Yeye kwanza anahitaji kifua cha mama yake.

Sasa mafuta yasiyofaa. Yaliyochacha, yenye harufu mbaya, hayafai. Yaliyobaki baada ya kukaanga samaki au maandazi hayafai. Mafuta ya taa ni sumu. Dawa za kuchua zenye kafuri au mentholi, zile za watu wazima wenye mafua au maumivu ya mgongo, mtoto mchanga asipakwe. Kafuri yaweza kumletea degedege ikiingia mwilini, na mentholi yaweza kumzuia pumzi.

Kabla ya kuyatumia mara ya kwanza, yajaribu. Mpake mtoto tone moja mguuni, kisha ngoja mpaka kesho. Ngozi ikiwa nyekundu au ikitoka vipele, acha mafuta hayo.

BIBI: Na usichovye vidole ndani ya chupa.

MWALIMU: Naam. Mimina kijiko kimoja cha chai katika kibakuli. Yakibaki, yamwage au ujipake mwenyewe. Usiyarudishe chupani.

JAMBO LA TANO: MTOTO MWENYEWE

MWALIMU: Hili ndilo kubwa kuliko yote. Mahali pako pawe pazuri namna gani, mikono yako iwe safi namna gani, kama mtoto hayuko tayari, kazi haianzi.

Tuanze na umri. Mtoto aliyezaliwa leo aachwe kifuani kwa mama yake, apate joto na anyonye. Shirika la Afya Duniani hushauri hata kumwogesha kungoje saa 24 angalau. Katika siku za kwanza, kumpakata kunatosha. Na kitovu kikiwa hakijaanguka na kukauka, usipitishe mikono tumboni. Kwa kawaida kitovu huanguka katika juma la kwanza au la pili. Kiache kiwe safi na kikavu. Usikipake mafuta, majivu, wala samadi. Kama mlipewa dawa ya kitovu kliniki, ipakeni kama mlivyoelezwa.

Kisha saa. Usimkande mara baada ya kunyonya, maana atacheua. Ngoja kiasi cha nusu saa mpaka saa moja. Usimkande akiwa na njaa, wala usimwamshe usingizini.

Kisha afya. Akiwa na homa, akiharisha, au ngozi yake ikiwa na malengelenge au usaha, usimkande. Akitoka kuchanjwa, usiguse mahali alipochomwa sindano. Mkono uliochanjwa kwa kuzuia kifua kikuu hutokwa na kipele, na baadaye huacha kovu. Usikikande, usikitie mafuta.

Mama, unajuaje kuwa mtoto wako yu tayari?

MAMA: Nikiona macho yako wazi, ametulia, ananitazama. Mikono hakuikunja ngumi kwa nguvu. Namwonyesha viganja vyangu nikimwambia, “Mwanangu, twende?” Najua haelewi maneno. Lakini sasa amekwisha zoea, akiona mikono huanza kurusha miguu.

MWALIMU: Na asipotaka?

MAMA: Hugeuza uso. Hujikunja mgongo nyuma. Hupiga kwikwi, au hulia. Basi namfunika, namweka kifuani. Kesho ipo.

MWALIMU: Sikieni hayo, ndugu zangu. Mtoto hana maneno, lakini ana lugha. Anayejifunza kusoma vitabu ajifunze pia kusoma uso wa mtoto wake.

JINSI YA KUANZA

MWALIMU: Mambo matano yakiwa tayari, kukanda kwenyewe si kazi ngumu. Anza na miguu, maana mtoto haogopi kuguswa miguu kama anavyoogopa kuguswa uso. Shika mguu kwa viganja viwili. Pitisha kimoja baada ya kingine toka paja mpaka wayo. Kiasi cha nguvu ni kama unajigusa kope za macho yako zikiwa zimefungwa, bila kuona maumivu. Usiguse kidogo mno, maana huo ni mtekenyo. Baada ya miguu, mikono. Kisha kifua, toka katikati kwenda pembeni. Tumbo, kama kitovu kimekwisha pona, lizungushie kiganja kwa kufuata mwendo wa mkono wa saa, maana huo ndio mwendo wa matumbo. Mwisho mgongo, mtoto akilala juu ya mapaja yako.

Siku ya kwanza, dakika tano zinatosha. Akizoea, dakika kumi au kumi na tano. Ukimaliza, jifute mikono kwanza, ndipo umwinue. Mfute mafuta yaliyozidi, hasa katika mikunjo ya shingo, kwapa na mapaja. Mvalishe, mnyonyeshe.

MAMBO YA KUACHA

MWALIMU: Bibi, umesema mengine umeyaacha. Yataje.

BIBI: Nimeacha kukanda kichwa.

MWALIMU: Vema. Juu ya kichwa cha mtoto pana utosi, mahali laini ambapo mifupa haijakutana. Utosi wa mbele hufunga mtoto akiwa na umri wa mwaka mmoja hivi au mwaka na nusu. Usiukandamize. Kichwa kilichochongoka kwa ajili ya uzazi hujirudi chenyewe katika siku au majuma machache.

BIBI: Nimeacha kuminya pua, na kumtia matone ya mafuta puani na masikioni.

MWALIMU: Mafuta yakiingia puani huweza kushuka mapafuni, yakaleta ugonjwa wa mapafu. Pua haibadiliki kwa kuminywa.

BIBI: Nimeacha kukamua maziwa yaliyovimba. Watoto wengine huzaliwa na maziwa yamevimba, wa kike na wa kiume. Tulikuwa tukiyakamua.

MWALIMU: Hayo hutokana na homoni za mama yake zilizobaki mwilini mwa mtoto. Hunywea yenyewe baada ya majuma kadhaa. Ukiyakamua, huweza kutunga jipu.

BIBI: Na nimeacha kumning'iniza kwa mikono, na kumrusha juu, na kuvuta viungo.

MWALIMU: Miguu ya mtoto mchanga imepinda kidogo kwa sababu alikuwa amejikunja tumboni mwa mama. Hunyooka kadiri anavyokua. Kuvuta kwa nguvu kwaweza kutegua kiungo au kuvunja mfupa. Basi kukanda hakunyooshi mifupa. Faida yake ni nyingine: mtoto hutulia, ngozi hulainika, na mzazi na mtoto huzoeana.

HABARI YA BIBI

MWALIMU: Sasa, bibi, tumefika mahali pako.

BIBI: Mwalimu, mficha uchi hazai, kwa hiyo nitasema. Mjukuu wangu wa kwanza alikuwa na siku tisa. Alfajiri ile alikataa ziwa. Alikuwa amelegea, na miguu yake ya baridi. Mimi nikasema, “Viungo vimechoka huyu. Mleteni nimkande.” Nikamkanda kwa mafuta ya moto toka asubuhi mpaka karibu na adhuhuri. Hakulia hata kidogo. Nikasema, “Mnaona? Ametulia.”

MWALIMU: Na wewe, mama?

MAMA: Mimi niliona kuwa hanyonyi. Kliniki tulifundishwa kwamba mtoto akiacha kunyonya tusingoje. Lakini niliogopa. Huyu ni mama mkwe wangu. Amelea watoto, na mimi yule alikuwa wa kwanza. Nilikaa kimya mpaka mtoto akaanza kupumua upesi upesi, mbavu zikaingia ndani. Ndipo nikapiga magoti nikamwambia, “Mama, naomba twende hospitali. Tukirudi utamkanda.”

BIBI: Nilikasirika kidogo. Lakini nilimtazama usoni nikaona mwenzangu anatetemeka. Nikachukua kanga, tukaenda. Muuguzi alipomwona hakuuliza hata jina. Walimlaza siku kumi, wakamchoma sindano. Walisema maambukizo yameingia katika damu.

MWALIMU: Na sasa?

BIBI: Sasa ana miaka minne. Jana amevunja chungu changu.

MWALIMU: Tumshukuru Mungu. Bibi, ulijifunza nini?

BIBI: Nilijifunza kwamba mtoto anayenyamaza huenda hakutulia. Huenda hana nguvu za kulia. Sasa, kabla sijagusa mafuta, nauliza kwanza: amenyonya? Nikiambiwa hapana, nafunga chupa.

MAMA: Na mtoto huyu wa pili, tulikwenda kliniki pamoja, mimi na mama. Muuguzi alitueleza sote wawili. Sasa simwambii mama mambo ya kliniki. Ameyasikia mwenyewe, na mengine ananikumbusha yeye.

MWALIMU: Wasikilizaji, hapo pana fundisho kwa nyumba nyingi. Kijana anayo maneno ya kliniki, mzee anayo mikono yenye uzoefu. Mkienda pamoja, hakuna ugomvi.

DALILI ZA HATARI

MWALIMU: Sasa andikeni dalili hizi katika daftari. Mtoto mchanga akiwa na hata moja, hakandwi. Hupelekwa kituo cha afya mara moja, mchana au usiku.

1. Hanyonyi, au ananyonya vibaya kuliko jana.
2. Amelegea, au hajitikisi mpaka aguswe.
3. Ana degedege.
4. Anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika moja akiwa ametulia, au mbavu zinaingia ndani.
5. Mwili ni wa moto, nyuzi 37.5 au zaidi. Au ni wa baridi, chini ya nyuzi 35.5.
6. Viganja au nyayo zimekuwa za manjano.
7. Kitovu ni chekundu au kinatoa usaha.

Njiani mwekeni kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, mmefunikwa kwa kanga. Kama anaweza kunyonya, aendelee kunyonya.

MWISHO WA SOMO

MWALIMU: Tuhesabu tena kwa vidole. Kidole gumba: mahali pawe na joto, bila upepo na bila jiko la mkaa. Cha pili: vitu viwe karibu. Cha tatu: mikono iwe safi na yenye joto. Cha nne: mafuta yawe safi, yaliyojaribiwa. Kidole cha mwisho ni kidogo kama mtoto mwenyewe: awe mzima, amenyonya, na ametaka.

Bibi na mama, tunawashukuru.

BIBI: Nasi twashukuru, mwalimu.

MAMA: Ahsante, mwalimu. Ndiyo kwanza anaamka.

MWALIMU: Basi mnyonyeshe. Ndugu wasikilizaji, sasa fungeni redio, mzungumze pamoja na mwalimu wenu. Kwaherini, mpaka somo lijalo.

MANENO YA KUJIFUNZA

Utosi: mahali laini juu ya kichwa cha mtoto mchanga.
Mtoto njiti: mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake kutimia.
Maambukizo: ugonjwa uletwao na vijidudu vinavyoingia mwilini.
Winda: kitambaa anachofungwa mtoto cha kuzuia mkojo na choo.
Kucheua: kurudisha maziwa kinywani baada ya kunyonya.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Taja mambo matano ya kutayarisha kabla ya kumkanda mtoto. Lipi ni kubwa kuliko yote? Kwa nini?
2. Kwa nini jiko la mkaa lisiingizwe chumbani?
3. Katika kijiji au mtaa wenu, watoto hukandwa kwa mafuta gani? Je, yanafaa?
4. Bibi alidhani mtoto ametulia. Kumbe mtoto alikuwaje? Alama gani zilionyesha kuwa ni mgonjwa?
5. Mama alimwambia mama mkwe wake maneno gani? Wewe ungesemaje?

ZOEZI LA KUANDIKA

Andika zile dalili saba za hatari kwa herufi kubwa katika karatasi moja. Ibandike ukutani nyumbani kwako, mahali ambapo kila mtu wa nyumba anaweza kuisoma. Kama kuna mzee asiyejua kusoma, msomee.